Mechi 25, ajira 41: Msimu mfupi uliobadili kriketi ya wanawake Uingereza

Jumapili ya Septemba 27, 2020, jijini Birmingham. Charlotte Taylor ana mpira mkononi katika uwanja wa Edgbaston, mmoja wa viwanja vikubwa kabisa vya kriketi Uingereza. Ni fainali. Lakini majukwaa ni matupu. Corona imewafungia mashabiki nje, na kinachosikika ni sauti za wachezaji wenyewe wakiitana.

Taylor si nyota wa timu ya taifa. Hata hivyo, kabla jua halijazama atakuwa ameangusha wapinzani sita peke yake, na timu yake ya Southern Vipers itakuwa imebeba Kombe la Rachael Heyhoe Flint, mashindano mapya ya wanawake ya kriketi ya siku moja.

Msimu mzima ulichukua siku 30 tu, kuanzia Agosti 29 hadi siku hiyo ya fainali. Mechi zilikuwa 25. Kwa wengi waliocheza, kombe lenyewe halikuwa jambo kubwa kuliko yote. Waliokuwa wakiwania hasa ni kazi.

Kwanza, kriketi ya siku moja ni ipi?

Wengi Afrika Mashariki, hasa wanaofuatilia kriketi ya wanawake, wamezoea T20. Ndiyo inayochezwa kwenye mashindano ya Kwibuka kule Kigali, yaliyoanza 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na ambako timu za Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania zimekuwa zikikutana. T20 ni ova 20 kwa kila timu. Ova moja ni mipira sita. Saa tatu hivi, mchezo umekwisha.

Ya siku moja ni ova 50 kwa kila timu, yaani mipira 300 kila upande. Mnaanza asubuhi, mnamaliza jioni.

Tofauti hiyo si ya muda tu. Kwenye T20 mpigaji akisimama kuzoea uwanja, ova zimeshakwisha. Inabidi apige tu. Kwenye ova 50 mpigaji anaweza kukaa saa mbili akikusanya mikimbio mmoja mmoja, akisubiri mpira mbaya auadhibu. Mrushaji naye anaruhusiwa ova 10, badala ya nne za T20. Anaweza kumtega mtu kidogo kidogo: mpira huu unapinda, ule hauendi popote, wa tatu unakuja polepole zaidi, hadi jamaa anachoka na kukosea.

Kwa hiyo makocha huona ova 50 kama mahali pa kumpima mchezaji. Bahati inaweza kukubeba kwa mipira kumi. Mipira 300 ni hadithi nyingine.

Timu ya taifa ilikuwa inalipwa. Wengine je?

Julai 23, 2017, wanawake wa England waliifunga India kwa mikimbio 9 na kutwaa Kombe la Dunia mbele ya umati uliojaza uwanja wa Lord's, London. Ukiangalia picha za siku ile unaweza kudhani kriketi ya wanawake Uingereza ilikuwa imeshapata kila kitu.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2014 bodi ya kriketi ya nchi hiyo, ECB, iliwapa wachezaji 18 wa timu ya taifa mikataba ya kudumu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Chini ya hao kulikuwa na shimo. Mashindano ya kaunti kwa wanawake yalikuwa ya ridhaa: unafanya kazi yako au unasoma Jumatatu hadi Ijumaa, wikiendi unabeba begi la vifaa unaenda kucheza. (Kaunti za huko si kama zile 47 za Kenya. Katika kriketi ni kama klabu kubwa, zenye viwanja, wanachama na historia ndefu.)

Mwaka 2016 ikaja ligi ya T20 ya timu sita iliyolipa kiasi, lakini ilidumu wiki chache tu kila kiangazi. Ikisha, mnarudi maofisini.

Matokeo yake yanaeleweka kirahisi. Mchezaji wa timu ya taifa ana kocha, daktari na mazoezi ya kila siku. Anayemfuata kwa kipaji anafanya mazoezi usiku akitoka kazini. Akiitwa timu ya taifa siku moja, atakuwa ameachwa mbali, na kosa si lake. Na wengi hawakusubiri kuitwa. Walifika miaka 23 au 24, kodi ya nyumba ikawabana, wakaacha.

Oktoba 2019 ECB ikatangaza mpango wa kuziba shimo hilo: pauni milioni 20 kwa miaka miwili, timu nane za kanda badala ya utitiri wa timu za kaunti, na ajira 40 za kudumu kwa wachezaji wa ndani, mbali na wale wa timu ya taifa.

Halafu Corona ikaingia.

Mwaka ambao ungeweza kupotea

Machi 2020 michezo yote ilisimama. Mashindano mapya ya The Hundred, yaliyotarajiwa kuwapa wanawake jukwaa kubwa, yaliahirishwa hadi 2021. ECB yenyewe ilikuwa inahesabu hasara, maana bila mashabiki viwanjani hakuna mapato ya milangoni. Na kila mtu aliyewahi kucheza michezo ya wanawake anajua bajeti ikikatwa mkasi unaanzia wapi.

Safari hii mpango haukufutwa. Juni mwaka huo baadhi ya wachezaji wa kanda walianza kupewa malipo ya muda ili wasiende kutafuta vibarua vingine, huku mikataba kamili ikisubiri. Kisha ikaamuliwa kwamba timu nane zitacheza mashindano mamoja ya ova 50 mwishoni mwa kiangazi. Mafupi, bila mashabiki, lakini yachezwe.

Timu ziligawanywa makundi mawili. Kundi la kaskazini lilikuwa na Northern Diamonds, Central Sparks, North West Thunder na Lightning. La kusini lilikuwa na Southern Vipers, South East Stars, Western Storm na Sunrisers. Kila timu ilikutana na wenzake wa kundi nyumbani na ugenini, mechi sita. Ushindi ulikuwa pointi nne, na ushindi mnono uliongezewa pointi moja. Hakukuwa na nusu fainali. Kinara wa kundi anakwenda fainali moja kwa moja, wa pili anakwenda nyumbani.

Maana yake ni kwamba mechi mbili mbaya zilitosha kukutoa. Kwa mchezaji mmoja mmoja hali ilikuwa ngumu zaidi: una mechi sita za kumwonyesha kocha kwamba unastahili mshahara. Ukipata jeraha la kidole wiki ya kwanza, ndiyo basi.

Kulikuwa na mlango mmoja uliofunguka. England walikuwa na mfululizo wa mechi tano za T20 dhidi ya West Indies mjini Derby kuanzia Septemba 21 hadi 30, baada ya Afrika Kusini kujitoa kwenye ziara yao. Mastaa wa taifa walicheza kombe hili mwanzoni tu, kisha wakaingia kambini. Nafasi zao zikabaki kwa wale ambao majina yao yalikuwa hayajulikani.

Huyo Rachael Heyhoe Flint ni nani?

Jina la kombe halikuchaguliwa ovyo. Rachael Heyhoe Flint alizaliwa Wolverhampton mwaka 1939 na alikuwa nahodha wa England kuanzia 1966 hadi 1978. Mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kwanza kupiga sita katika mechi ya Test, yaani kuuvusha mpira mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi.

Lakini kazi yake kubwa aliifanya nje ya uwanja. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi halikuwa la wanaume. Lilikuwa la wanawake, mwaka 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume. Yeye ndiye aliyelihangaikia, na tajiri Jack Hayward akatoa pauni 40,000 za kuliendesha. Mechi iliyoamua bingwa ilichezwa Edgbaston, uwanja uleule wa fainali ya 2020. England waliifunga Australia, Enid Bakewell akafunga mikimbio 118 na nahodha mwenyewe 64.

Miaka ya 1990 alipambana na MCC, klabu yenye makao yake Lord's, ambayo tangu kuanzishwa mwaka 1787 ilikuwa haimkubali mwanamke kuwa mwanachama. Mwaka 1991 aliomba uanachama kwa jina la R. Flint, bila kutaja jinsia. Walipomgundua wakamkataa. Kura ya kuwakubali wanawake ilipita 1998, na mwaka uliofuata yeye akawa miongoni mwa wanawake kumi wa kwanza kupewa uanachama wa heshima. Alifariki Januari 2017, miezi sita kabla ya England kubeba kombe palepale Lord's.

Msimu wa Georgia Adams

Vipers, wenye maskani yao Southampton, walikuwa chini ya kocha Charlotte Edwards, nahodha wa zamani wa England. Nahodha wao uwanjani alikuwa Georgia Adams, binti wa Chris Adams aliyewahi kuichezea England upande wa wanaume. Georgia mwenyewe hakuwa kwenye timu ya taifa.

Alichofanya mwezi ule kinahitaji kuelezwa taratibu. Dhidi ya Western Storm alipiga mikimbio 154 na hakutolewa. Kwa ova 50, mikimbio 100 tu ni siku ya kukumbukwa. Hiyo 154 ndiyo ilikuwa alama kubwa kuliko zote msimu mzima. Hadi mashindano yanaisha alikuwa na mikimbio 500 kamili, wa kwanza kwenye orodha.

Vipers walishinda mechi zote sita za kundi. Pointi 27. Timu iliyoishika mkia kwenye kundi hilohilo, Sunrisers, haikushinda hata moja. Kumbuka jina hilo, litarudi.

Kaskazini, Northern Diamonds waliongoza. Hao ni timu ya Yorkshire, Durham na maeneo ya jirani, ukanda ambao kriketi ni kama dini ndogo.

Fainali: wiketi sita za Taylor

Vipers walipiga kwanza. Adams akaongoza tena, safari hii akapata 80. Timu nzima ikatolewa kwa mikimbio 231, ikiwa imebaki mpira mmoja tu kati ya ile 300. Kwa fainali, 231 ni alama ya katikati. Si ndogo ya kuchekwa, si kubwa ya kulalia. Diamonds walihitaji chini kidogo ya mikimbio mitano kwa kila ova.

Hapo ndipo Taylor alipoingia. Yeye hurusha spini, mpira wa polepole unaogonga ardhi kisha ukapinda. Mrushaji wa kasi anakutisha. Wa spini anakudanganya: unaona mpira mwepesi, unajiambia huu nautuma majukwaani, ukishafungua mikono unagundua mpira haupo ulipodhani.

Diamonds walianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Taylor alimaliza na wiketi 6 kwa mikimbio 34, yaani aliwatoa wapigaji sita kati ya kumi na katika ova zake zote wapinzani walipata 34 tu. Diamonds walikwama kwenye 193. Vipers wakashinda kwa mikimbio 38.

Kwa wiketi hizo sita alifikisha 15, nyingi kuliko mrushaji mwingine yeyote wa msimu. Mpigaji bora na mrushaji bora wote wakawa wa timu moja, na wote wawili si wa timu ya taifa.

Desemba: orodha ya majina

Miezi miwili na kitu baadaye ECB ilitangaza waliopata ajira za kudumu. Walikuwa 41. Kwa timu nane, hiyo ni kama watu watano kwa kila timu.

Ebu tupige hesabu. Timu ya kriketi ina wachezaji 11 uwanjani, na kikosi cha msimu kinazidi hapo. Kwa hiyo katika kila timu, watu watano wataamka asubuhi kwenda mazoezini kama kazi yao, na wengine sita au zaidi watakaocheza nao bega kwa bega wataamka kwenda ofisini, dukani au darasani.

Vipers waliwachagua Georgia Adams, Lauren Bell, Maia Bouchier, Tara Norris na Paige Scholfield. Jina la Charlotte Taylor, mwenye wiketi nyingi kuliko wote na shujaa wa fainali, halikuwemo kwenye watano hao.

Ukiisoma orodha hiyo kwa hasira utaona dhulma. Ukiisoma kwa jicho la kocha utaona kitu kingine: mikataba hii ilikuwa inatafuta wachezaji wa miaka kumi ijayo wa England, na wala haikukusudiwa kuwa zawadi ya mwezi mmoja mzuri. Bell alikuwa bado kijana, mrefu, mwenye kasi. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Nafasi zikiwa tano, yupo atakayefanya kila alichoambiwa na bado akabaki nje. Aliyekosea hapo ni hesabu: watano ni wachache mno kwa timu ya 11.

Uchaguzi wenyewe ulizaa matunda haraka. Bouchier alianza kuichezea England mwaka 2021, na Bell mwaka 2022. Norris, aliyezaliwa Philadelphia, baadaye aliichezea Marekani, na mwaka 2023 nchini India akawa mrushaji wa kwanza kuchukua wiketi tano katika mechi moja ya ligi mpya ya wanawake, WPL. Msimu huohuo wa WPL, Issy Wong wa Central Sparks alipiga hat-trick ya kwanza ya ligi hiyo, wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Wote hao walipitia viwanja vile vitupu vya 2020.

Nini kilifuata?

Fainali ya 2021 iliwakutanisha walewale. Diamonds walipiga 183, kisha wakawabana Vipers hadi wiketi saba zikaanguka kwa mikimbio 109 tu. Kila mtu alijua mchezo umekwisha, isipokuwa Emily Windsor na Tara Norris waliokuwa uwanjani. Wawili hao walisukuma taratibu hadi ushindi, ikiwa imebaki mipira miwili. Kwa Diamonds, kupoteza hiyo kuliuma kuliko ile ya kwanza.

Walilipa kisasi 2022, tena Lord's. Tofauti ilikuwa mikimbio miwili. Mechi ya mipira 600, na miwili ndiyo iliyoamua. Vipers walirudi kuwa mabingwa 2023.

Timu za kanda zilivunjwa baada ya msimu wa 2024, na kuanzia 2025 timu za wanawake zikawekwa chini ya kaunti zenyewe. Hilo nalo lilikuja na maumivu yake. Nyumba ya Northern Diamonds ilihamia Durham, na Yorkshire, kaunti kubwa yenye jina, ikaambiwa isubiri hadi 2026 kuingia daraja la juu.

Kuhusu Afrika Mashariki, wasichana wengi bado wanaishia kwenye ova 20, na si kwa kukosa uwezo. Kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19 mwaka 2023, Rwanda waliwafunga Zimbabwe na hata West Indies. Mechi ya ova 50 inataka uwanja siku nzima, chakula cha mchana, waamuzi wa saa saba na wachezaji ambao mwajiri wao hatawapigia simu saa nne asubuhi kuuliza wako wapi. Bili hiyo ndiyo Uingereza ilikubali kuilipa mwaka 2020, katikati ya hasara.

Na wale Sunrisers? Mwaka 2021 pia walimaliza kombe hili bila ushindi. Misimu miwili, sifuri. Wachezaji wao watano wenye mikataba waliendelea kuamka asubuhi kwenda mazoezini, msimu baada ya msimu, wakifungwa na karibu kila mtu. Mwaka 2024, msimu wa mwisho wa timu za kanda, waliingia fainali dhidi ya South East Stars kule Leicester. Wakashinda.